Pampu Iliyovishwa Nailoni

Wapendwa, somo la leo mmelisikia: kusameheana. Nimewaona baadhi yenu mkijiweka sawa kwenye benchi, kama mnaosema, aa, hili nalijua, ngoja nipumzike kidogo. Pumzikeni. Mimi nitawateremsha kwanza ngazi tisa, tuingie dukani kwa mama mmoja, halafu tutapanda pamoja kurudi hapa.

Mama huyo alikuwa fundi wa magauni ya harusi. Duka lake lilikuwa katika mji wenye mvua nyingi, chini ya jengo la ghorofa, ile sehemu ambayo watu wa mjini wanaiita beismenti. Unaacha barabara, unateremka ngazi zako tisa, unajikuta katika chumba kilichojaa weupe mtupu: magauni yamening'inia ukuta huu na ukuta ule, shela, vilemba, maua ya kitambaa, na katikati sanamu ya kuvalishia, imesimama kama bibi harusi anayemsubiri mume aliyechelewa. Alikuwa fundi kweli kweli. Mabinti walitoka wilaya nyingine kumfuata.

Na alikuwa mtunzaji wa vitu. Kila gauni lilikuwa ndani ya nailoni. Nyumbani kwake kochi lilikuwa bado na nailoni ya dukani, mgeni akikaa linalia. Rimoti ya televisheni ilikuwa na nailoni. Friji ilikuwa na miaka sita na stika zake zote. Msiangaliane. Sijataja jina la mtu hapa.

Sasa, chumba cha chini ya ardhi kina tabia yake. Mvua ikinyesha, maji yanapenya udongoni yakitafuta pa kutokea, na mahali pa kutokea ni hapo ulipo wewe. Kwa hiyo aliyejenga jengo lile alichimba shimo kwenye kona ya kila chumba cha chini, upana wake kama sufuria ya pilau ya shughuli, ili maji yachuruzike humo. Ndani ya shimo ikawekwa pampu ndogo ya umeme, yenye boya pembeni. Maji yakipanda, boya linapanda. Boya likipanda, pampu inajiwasha yenyewe, inayasukuma maji kwenye bomba hadi mtaroni nje. Maji yakiisha boya linashuka, pampu inazimika. Kazi yake ni hiyo tu, na bila kazi hiyo hakuna duka.

Pampu ya mama yetu ilikuwa ya zamani. Ilishika kutu, ikiwaka inakohoa, na ilikuwa inachagua kukohoa pale binti anapojitazama kwenye kioo na machozi ya furaha yanamlengalenga. Mama akachoka. Akaenda kununua mpya. Mpya yenyewe ilikuwa ya buluu, inang'aa, imefungwa nailoni nzito ya kiwandani, na boya lake limebanwa ubavuni kwa kikamba cha plastiki lisitingishike safarini.

Muuzaji akamwambia amwite fundi bomba. Mama akasema, "Mimi nashona lulu mia nne kwenye shela moja, nitashindwa kuunga bomba?" Akaunga mwenyewe. Nailoni hakuitoa. Aitoe ya nini, pampu ingali mpya? Alitoboa tu tundu dogo pa kupitisha bomba na waya, na kwa kuwa ni fundi, akalipinda tundu lile ukingoni kwa sindano ili nailoni isije ikachanika. Kisha akaifunga yote kwa utepe mweupe wa satini, fundo la ua. Akaishusha shimoni, akarudisha mfuniko, akajipongeza kwa soda baridi.

Katika chumba cha pili, ukuta kwa ukuta, kulikuwa na mzee mmoja fundi viatu. Naye alikuwa na shimo lake, na pampu yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Alipoiona ile ya kutu imewekwa ngazini isubiri kubebwa na watu wa taka, akabisha hodi.

"Mwanangu, hii umeitupa?"

"Ichukue, baba. Lakini nakuonya, hiyo ina kifua."

"Hata mimi ninacho," mzee akasema, akaibeba.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi asubuhi, jua liwepo au lisiwepo, mzee yule alifanya jambo ambalo mama aliliona kichekesho. Alifunua shimo lake, akamimina ndoo mbili za maji, akaangalia boya likipanda, akasikiliza pampu ikikohoa na kuwaka. Ikimaliza maji, alichomoa waya, akaitoa, akatoa nyuzi na vipande vya ngozi vilivyonasa kwenye chujio. Mwisho alipanda ngazi kwenda kutazama mdomo wa bomba kule mtaroni, asije mtu akawa ametupa mfuko wa mkate ukaziba. Dakika kumi, basi. Kisha alirudi kwenye viatu vyake.

Mama akawa anamtania kupitia mlangoni. "Baba, mgonjwa ameamkaje leo?"

"Hajambo. Nimempa ndoo mbili, kamaliza zote."

"Unamtesa bure. Mvua yenyewe haipo."

"Mvua ikiwepo, mwanangu, sitakuwa na nafasi ya kumjaribu. Na wa kwako je, umeshamnywesha?"

"Wa kwangu mpya!" mama akasema, kama mtu aliyeulizwa kama mwanawe mchanga anavuta sigara. "Nimpe maji ya nini? Achafuke?"

Na hakuwa anatania. Nawaambia alilokuwa akilifanya, mtaona kama nazidisha chumvi, lakini hebu jipimeni kwanza. Mwaka ule mvua za vuli zilikuwa haba. Shimoni yalikuwa yakikusanyika maji kidogo tu, ya kujaza jagi tatu au nne. Mama, kila asubuhi kabla hajafungua duka, alipiga magoti kwenye kona ile akayachota maji yale kwa jagi, akayamwaga nje. Kwa nini? Ili pampu isilowe! Miezi minane mama huyu aliifanyia pampu kazi yake, ili pampu ibaki nzuri. Na kila alipofunua mfuniko akaona ile buluu inang'aa chini ya nailoni, na ule utepe, alisikia amani moyoni. Alisema, mimi sina wasiwasi, mimi ninayo pampu.

Je, alikuwa nayo?

Masika ikaingia. Ikaingia kwa fujo, siku ya Ijumaa, saa saba mchana. Kesho yake, Jumamosi, palikuwa na harusi ya binti mmoja ambaye gauni lake mama alilishona miezi mitatu, kila lulu kwa mkono. Lilikuwa limevalishwa sanamu katikati ya chumba, mkia wake wa mita tatu umetandazwa juu ya shuka safi sakafuni, likimsubiri mwenyewe aje saa tisa kulijaribu kwa mara ya mwisho. Binti yule hakuwa na mama mzazi. Alikuwa amemwambia fundi wetu, "Mama, siku hiyo nikivaa hili, nitakuwa nimevalishwa na wewe." Kwa hiyo gauni lile halikuwa kitambaa tu. Mama alilipenda kama anavyompenda aliyeagiza.

Mvua ilipiga nusu saa. Mama alikuwa anashona kishikizo, hana habari, mpaka aliposikia ubaridi unyayoni. Akatazama chini. Mfuniko wa shimo ulikuwa umeinuka, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanatembea taratibu kuelekea kwenye ile shuka.

Akaruka. Akalinyanyua gauni na sanamu yake, zito kama mtu mzima, akalipandisha juu ya meza ya kukatia. Mkia ukabaki unaning'inia. Akaukusanya mkononi, akaubeba begani. Huku ameubeba akachomoa waya wa pampu kwenye soketi, akachomeka. Kimya. Akachomoa tena, akachomeka tena. Kimya. Kutoka chumba cha pili, kupitia ukutani, alisikia kile kifua cha kale kikikohoa, kikiunguruma, kikifanya kazi.

Akampigia simu muuzaji. "Umeniuzia feki! Duka langu linazama, umeniuzia feki!"

"Pole sana, mama. Mara ya mwisho iliwaka lini?"

"Iwake? Hiyo ni mpya, haijawahi kuwaka!"

Kuna maneno tukiyasema kwa sauti tunajisikia wenyewe, na mama alijisikia. Akakata simu. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, magauni ya safu ya chini yameanza kulowa kwenye pindo, na zile nailoni zake, zilizoachwa wazi kwa chini, zilikuwa zinayakusanya maji na kuyatunza vizuri kabisa. Mama akaanza kulia. Akalia kwa sauti, na mkia wa bibi harusi begani.

"Baba! Baba jamani, njoo!"

Mzee fundi viatu alikuja na kisu chake cha kukatia ngozi, amekunja suruali. Hakusema "nilikwambia." Angeweza, na sisi wengine tungesema, tena tungerudia. Yeye alisema, "Chomoa waya kwanza, mwanangu, uniletee na taa." Kisha akapiga magoti kwenye maji, akaingiza mkono shimoni mpaka begani. Akapapasa. Akaacha kupapasa. Akageuza shingo akamtazama mama.

"Hii pampu umeivisha nini?"

"Nailoni yake tu, baba. Ile iliyokuja nayo."

"Na hiki kilaini?"

"Utepe."

Mzee alifumba macho kidogo, sijui alikuwa anaomba au anajizuia kucheka. Akaingiza kisu. Akakata utepe, akakata nailoni, akakata kile kikamba kilicholibana boya tangu kiwandani. Boya likaruka juu kama mtoto aliyeachiwa kwenda kucheza. Mzee akatoka majini, akakausha mikono, akasema, "Chomeka."

Mama akachomeka. Pampu ikawaka. Haikukohoa, haikusita, wala haikuhitaji kubembelezwa. Iliwaka kama iliyokuwa inangoja kuambiwa, na maji yakaanza kurudi nyuma, yakaiacha shuka, yakaiacha miguu ya mama, yakaufuata mlio ule hadi kwenye kona yakazama shimoni.

"Haikuwa mbovu," mama alisema taratibu.

"Haijawahi kuwa mbovu," mzee akajibu. "Ilikuwa imefungwa."

Saa tisa binti akafika, amelowa yeye mwenyewe kuliko gauni lake. Akakuta mzee anapiga deki na mkia umepata tope, upana wa kiganja, pale ncha ilipogusa kabla haijabebwa. Mama alitaka kupiga magoti kumwomba radhi. Binti akautazama mkia, akasema, "Kata tu hapo, mama. Nilikuwa nawaza nitachezaje na mita tatu nyuma yangu." Mama akachukua mkasi akakata, akapinda upya, na ndani ya saa mbili gauni likawa tayari. Walicheka wote watatu, mama akicheka na kupangusa macho kwa shati la kazi. Ilikuwa furaha ya mtu aliyekaribia kupoteza na hakupoteza.

Hapo ningeweza kuishia, mkaenda nyumbani mmeridhika. Lakini kuna kitu kimebaki.

Mzee alirudi baadaye kidogo kuchukua kisu chake alichokisahau. Alimkuta mama amesimama mbele ya ndoo ya maji ya sabuni. Ameiokota ile nailoni ya pampu, iliyokatwa katikati. Ameifua. Anaianika kwenye kamba, anaibana kwa vibanio, tena anaivutavuta isikunjamane.

"Mwanangu," mzee akauliza, "hiyo unaianika ya nini?"

Mama akageuka, hana hili wala lile. "Ah, baba, nailoni nzito hivi utaipata wapi siku hizi? Nikiishona hapa katikati inafunika kitu kingine."

Mzee akakaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka akashika mbavu.

Na ninyi mnacheka. Nami nilicheka siku niliyoitunga hadithi hii, nikiwa nimekaa kwenye kochi langu, na kochi likalia. Mke wangu yupo pale, atanishuhudia.

Basi tupande ngazi turudi hapa. Ndugu zangu, sisi tulio humu, kuna kitu tumepewa. Tumepewa neno "nisamehe", na neno "nimekusamehe". Hatukuyanunua. Tumeyapokea mazima, yanang'aa, na tumeyatia ndani ya nyumba zetu tukayafunika vizuri. Tunasema tunayo. Tunajisikia amani kwa sababu tunayo. Waulize watu wa nyumba hii, je, mnaamini katika kusamehe? Mkono wa kila mtu utakuwa juu.

Lakini limewaka lini mara ya mwisho?

Tunalitunza kwa ajili ya siku kubwa. Tunasema, mambo madogo haya, ya nini kuyatolea neno zito kama hilo? Chumvi imezidi kwenye mboga, mume ametoa maneno makali mbele ya wageni. Asubuhi anainuka, anauliza, "Chai ipo?" Chai inaletwa. Anainywa. Anadhani imekwisha. Haikwisha, wapendwa, maji yale yameingia shimoni. Mwenzake anayachota kimya kimya kwa jagi, peke yake, amepiga magoti, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Wapo humu wanaochota. Mikono yao imechoka, na sisi tunasema nyumba ni kavu.

Kisha siku inakuja ya jambo kubwa, lile la kuvunja nyumba, na mtu anakimbilia neno "nisamehe", analichomeka, na halitoki. Analisukuma, halitoki. Anakuja ofisini kwangu anasema, "Mchungaji, nimejaribu, mimi siwezi kuomba radhi, sikuumbwa hivyo." Na mwingine anasema, "Nimejaribu kusamehe, moyo wangu umekataa." Mimi naamini moyo wako si mbovu. Aliyeutengeneza hakutengeneza feki. Ila hujaujaribu kwa ndoo mbili za siku ya jua. Aliyeshindwa kusema samahani kwa chumvi atasemaje samahani kwa usaliti? Ulimi haujui hata njia.

Sisi tufanye kama yule mzee fundi viatu. Jambo dogo, siku ya kawaida, hakuna aliyekasirika, hakuna mvua. "Jana nilikukatiza ulipokuwa unaongea. Nisamehe." Uone atakavyoshtuka! Atadhani unaumwa. Mwache ashtuke. Wiki ijayo hatashtuka sana. Na wewe uliyeombwa, usiseme "hamna shida, yameisha," ukapita haraka. Hiyo pia ni namna ya kufunika. Sema, "Ndiyo, iliniuma. Nimekusamehe." Litoe neno lote, lilowe, lichafuke na nywele na nyuzi za nyumba yako. Limetengenezwa kwa kazi hiyo.

Najua mnachongojea. Mnangojea niwaambie mgeukie aliye kando yenu mumshike mkono mumwambie maneno nitakayowapa. Leo siwapi. Tukianza hivyo tutasema wote kwa pamoja, tutatabasamu, tutatoka nje, na kufika getini tutakuwa tumeshaianika ile nailoni.

Nitafanya langu, ninyi mtafanya lenu.

Mwalimu Anaeli, simama kidogo, tafadhali. Ndiyo, wewe, mwalimu wa kwaya. Jumapili mbili zilizopita kwaya yako iliimba wimbo mpya mlioufanyia mazoezi mwezi mzima. Mlipofika ubeti wa tatu mimi niliinuka nikachukua kipaza sauti, nikawakatiza, kwa sababu muda ulikuwa umekwenda na nilikuwa na matangazo yangu. Nilikuona ulivyoinamisha uso. Nilijua nimekosea kabla sijafika kwenye tangazo la kwanza. Na tangu siku hiyo nimekuamkia mara nne, nimekuuliza habari za nyumbani, nimesifia tai yako. Sikusema.

Nisamehe, mwalimu. Nanyi wanakwaya, nisameheni.

Sasa mimi naketi. Sitaki unijibu kwa adabu kwa sababu watu wanatutazama. Kama mmenisamehe, imbeni ule ubeti wa tatu. Kama bado, kaeni kimya, nami nitangoja.